Shajara ya Mita za Kati: Kufundisha Miguu na Kichwa, Bagamoyo

Septemba 2025, wiki ya tatu

Lengo la mradi ni moja: vijana wetu wa mita 1500 wajue kukimbia katikati ya mbio. Uwanjani, mbio hizi ni kipande cha mita 300, kisha mizunguko mitatu kamili ya mita 400. Katikati ninayoisema inaanzia mita ya 700 na kuishia ya 1100, yaani mzunguko wa pili katika ile mitatu. Kundi lenyewe ni wanafunzi wa sekondari wa hapa mjini, wasichana na wavulana, wengi wao wa Magomeni, Dunda na Kaole, wanaojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ya mwakani. Mwalimu wao wa michezo anashika saa, mimi nasimamia mazoezi.

Kabla ya kubuni zoezi lolote tumepima. Tulichora mzunguko kwa chokaa kwenye uwanja wa shule, tukaukagua kwa futi kamba, kisha kila mmoja akakimbia mita 1500 huku tukiandika muda wa kila kipande. Matokeo ya binti mmoja wa kidato cha tatu, mkazi wa Magomeni, nayaweka hapa kwa sababu yanafanana na ya karibu wenzake wote: mita 300 za mwanzo sekunde 62, mzunguko wa kwanza 88, wa pili 99, wa mwisho 91. Jumla dakika 5 na sekunde 40.

Tazama hizo 99 na 91. Mtu aliyeishiwa nguvu hawezi kuja kuongeza kasi baadaye, tena kwa sekunde nane nzima. Nguvu ilikuwamo mwilini muda wote, ila haikutumwa kazi. Nilimuuliza alikuwa anawaza nini kwenye mzunguko wa pili. Akajibu, "Mwalimu, pale nilikuwa sipo." Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo. Mwanzo una msisimko wake, mwisho una kelele za watu. Katikati mtu yuko peke yake na pumzi yake, na mstari wa kumalizia bado hauoni.

Makocha wetu wengi, na nawaheshimu, hukikumbuka kichwa cha mchezaji siku ya mashindano. Kijana anaitwa pembeni, anaambiwa ajitume, aweke moyo, asimwogope mtu. Maneno hayo hayana ubaya. Lakini hakuna kocha anayengoja siku ya mashindano ndipo amfundishe mtu kupiga hatua. Ninachotaka kukijaribu ni kuitia kazi ya kichwa ndani ya zoezi lenyewe, miguu ikiwa inauma, wiki baada ya wiki, na kuipima kwa saa vilevile tunavyoipima miguu.

Tumeanza kwa wiki yenye furaha. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 15, Alphonce Simbu ameshinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda uleule, 2:09:48, na mshindi amejulikana kwa picha ya mstari wa mwisho. Vijana wanazirudia zile hatua za mwisho kwenye simu hadi wamezikariri. Nimewaomba watazame pia sehemu ya kati, pale Simbu alipokuwa ndani ya kundi na hakuna mtangazaji aliyekuwa akimtaja. Asingekuwa na cha kufyatukia mwishoni kama huko nyuma angekuwa hayupo.

Oktoba, mwanzoni

Zaidi ya robo tatu ya nguvu inayotumika kwenye mita 1500 hutokana na hewa anayovuta mkimbiaji. Kwa hiyo kabla ya kusema mengi kuhusu kichwa, kifua kijengwe kwanza, na sisi kifua tunakijengea ufukweni.

Mbio ndefu za polepole tunazifanya kutoka upande wa soko la samaki kuelekea Kaole na kurudi. Ratiba inapangwa na bahari. Anayeijua pwani hii anajua kwamba wakati wa bamvua maji hupwa sana katikati ya asubuhi, kwenye saa nne au saa tano, na mchanga mgumu unakuwa mpana hadi ngalawa zinalala ubavu mbali kabisa na maji. Uzuri huo unakuja pamoja na jua. Wakati wa maji mafu kupwa kunaangukia karibu na alfajiri na jioni, saa nzuri za kukimbia, lakini maji hayaendi mbali na mchanga unaobaki ni ukanda mwembamba wenye mteremko. Tumeamua hivi: Jumamosi za bamvua tunaingia ufukweni saa mbili, maji yakiwa yanatoka, na tunatoka kabla jua halijakaza. Siku nyingine tunatumia barabara ya vumbi. Mchanga wa mteremko huelemea mguu mmoja, ndiyo maana hatukimbii kwenda tu tukarudi kwa bodaboda. Tunarudi kwa njia ileile ili mguu uliokuwa juu upate zamu ya kuwa chini. Tangu tushike utaratibu huu sijasikia malalamiko ya goti.

Wanakimbia peku mchangani kwa muda mfupi tu, dakika chache mwishoni, ili nyayo na vifundo vya miguu vipate nguvu. Mwingine alitaka aende peku hadi Kaole. Nimemkataza, kuna makombe yaliyovunjika na vipande vya chupa.

Oktoba, mwishoni

Kitu cha kwanza cha kichwa tulichokiingiza ni namba. Mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, alitengeneza kipimo ambacho mtu anajipimia mwenyewe ugumu wa kazi, kuanzia 6 hadi 20. Sita ni kukaa bila kufanya lolote, ishirini ni mwisho wa uwezo. Hakuchagua tarakimu hizo ovyo: zidisha kwa kumi unapata makadirio ya mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya kwa dakika moja.

Njiani tumeweka mawe yaliyopakwa rangi. Kila mmoja akifika kwenye jiwe anataja namba yake kwa sauti. Mbio ndefu zinatakiwa ziwe 11 hadi 13, mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Wavulana walianza kwa kutaja 11 huku wanahema. Sikuwakemea. Niliwaomba tu wakishataja namba waseme majina ya wanafunzi watano wa darasa lao. Anayeshindwa kumaliza majina, namba yake si 11, na analijua hilo mwenyewe bila mimi kusema. Sasa namba zao zinakaribiana na mapigo tunayoyahesabu shingoni.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu kazi nyingine zote zinalitegemea. Kijana asiyejua amechoka kiasi gani ana majibu mawili tu katikati ya mbio: kuogopa au kujisahau. Anayejua kwamba yuko 16, na kwamba 16 ameshaikaa Jumanne iliyopita na hakufa, ana jambo la kuamua.

Zoezi kuu la uwanjani ni mita 500 mara tano, mapumziko ya dakika tatu kutembea. Daftarini tunaandika marudio ya tatu na ya nne tu. La kwanza halina saa, la tano halina saa. Wiki ya kwanza walilalamika, maana walizoea kusifiwa kwa la mwisho.

Novemba

Mwezi mwembamba. Kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani ya taifa. Wanaobaki tunaendelea nao, na hao wa mitihani nimewapa mbio nyepesi tu za kunyoosha mwili.

Mwalimu mwenzangu aliona nawadekeza: mtihani ni kukaa kwenye kiti, miguu haichoki. Nilimweleza jaribio la mwaka 2009 la Samuele Marcora, Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi Bangor, Wales. Watu waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa mzigo mzito hadi washindwe. Siku moja walitangulia kufanya kazi ya kompyuta ya kuumiza kichwa kwa dakika 90, siku nyingine walitazama filamu tulivu kwa muda huohuo. Waliochosha akili waliacha baiskeli mapema zaidi. Moyo na damu havikuonyesha sababu yoyote ya kuacha. Tofauti ni kwamba kazi ileile waliiona nzito zaidi tangu dakika za mwanzo. Namba ya Borg ilianzia juu. Mtoto anayetoka kwenye karatasi ya hisabati akaambiwa apige mita 500 mara tano atajifunza kitu kimoja tu, kwamba mita 500 hazivumiliki.

Usingizi ndio ugomvi wangu mkubwa na wavulana. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki zinaanza saa tano usiku kwa saa zetu, na vibanda umiza vinajaa hadi saa saba. Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Siwezi kuwakataza mpira, nami naupenda. Tumekubaliana kwamba zoezi gumu la Jumatano limehamia Jumanne, na Alhamisi ni kujinyoosha. Asubuhi kabla ya kunyanyuka kitandani kila mmoja anahesabu mapigo yake kwa nusu dakika na kuyaandika. Mapigo yakiwa juu kuliko kawaida yake, siku hiyo anakimbia polepole, bila mjadala na bila aibu.

Mama wa yule binti wa Magomeni alinijia uwanjani. "Mwalimu, mtoto akitoka huku amechoka. Maji nani achote, wadogo zake nani awaogeshe?" Nilimwamkia, nikamwomba anieleze siku ya mtoto ilivyo tangu alfajiri. Ndoo anazobeba kabla ya shule ni mazoezi, tena mazito, na hazikuwa kwenye mpango wangu hata kidogo. Tumepunguza: siku za zamu yake ya maji hafanyi zoezi la nguvu la miguu. Kwa upande wake, mama amekubali Jumanne na Jumamosi kaka mkubwa achote. Nawasihi makocha wenzangu wanaofundisha mabinti waulize kuhusu ndoo kabla ya kusema mtoto hana bidii.

Desemba

Kuhusu mwezi huu nina mengi ya kuandika, maana tumeingiza ngoma.

Nilikuwa nimehesabu hatua. Mwanzoni mwa mbio wengi wao wanapiga hatua karibu tatu kila sekunde, yaani karibu 180 kwa dakika. Wakifika katikati hatua zinapungua, zinakuwa ndefu na nzito, kisigino kinatangulia, mabega yanapanda kuelekea masikioni. Mwishoni, kengele ikilia, hatua zinarudi zenyewe. Kwa hiyo kinachokufa katikati, kabla ya kasi, ni mdundo.

Bagamoyo mtu hahitaji kwenda mbali kutafuta mdundo. Nilimfuata mzee mmoja aliyepiga mdundiko ujana wake wote. Mdundiko ni ngoma ya kutembea: inatoka mtaa huu inakwenda ule, na mpigaji ndiye anayeibeba miguu ya watu wote waliomo. Nilipomweleza shida yangu hakushangaa. Alisema, "Watu hawapoi kwa sababu wamechoka. Mpigaji akipoa ndipo nao wanapoa. Kazi yangu haikuwa kupandisha mkono, kazi yangu ilikuwa kutoushusha." Nimeiandika kauli hiyo kwenye jalada la daftari la mradi.

Akaja na chapuo, ngoma ndogo. Alikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, na tulimwomba apige kwenye mita za kati tu. Vijana wanaanza kimya, wanafika alama ya 700, chapuo linaingia kwa hatua tatu kila sekunde, wanafika 1100 linanyamaza. Siku ya kwanza walichanganyikiwa. Mmoja alicheza badala ya kukimbia na babu akamrudisha mwanzo. Baada ya wiki mbili hivi niliona mabega yameshuka. Sikuwa nimetamka neno bega.

Sababu zake zinajulikana. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amechunguza kwa miaka mingi muziki na mazoezi. Mwendo unapofuata mapigo ya muziki mtu hutumia nguvu kwa mpangilio mzuri zaidi, na kazi ya wastani huhisi nyepesi. Kazi ikiwa kali sana, muziki hauwezi tena kuficha uchovu, mwili unasema kwa sauti kubwa kuliko ngoma. Nimeliona hilo hapa: namba wanazotaja kwenye mita za kati hazijashuka, ni 16 na 17 vilevile. Hatua ndizo zilizobaki. Kwangu hilo linatosha, na hata nalipenda zaidi, kwa sababu hawadanganyiki kwamba haiumi.

Mashindanoni hakuna chapuo, na kanuni za riadha haziruhusu mkimbiaji kuvaa kifaa cha muziki. Hivyo tangu katikati ya mwezi babu ameanza kuliondoa. Anapiga mita mia, ananyamaza mita mia, anapiga tena. Kazi yao ni kwamba akirudi awakute kwenye mdundo uleule. Anapowakuta anatabasamu, anapowakosa anapiga ukingo wa ngoma mara moja tu, na wote wanajua nani amepoa. Hakuna nilichowahi kuwaambia vijana hawa kikawaingia haraka namna hiyo.

Januari 2026

Kaskazi imekaza. Jasho halikauki, linachuruzika tu, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Tumesogeza kila kitu alfajiri na baada ya saa kumi na moja jioni. Mwili huzoea joto ndani ya wiki moja hadi mbili ukiingizwa taratibu. Waliokuwa likizo bara tumewaanzisha upya na mbio fupi. Wengi wanaleta madafu, na madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, wakati kinachotoka kwa jasho ni chumvi zaidi. Wanatia chembe za chumvi au wanakula mihogo iliyotiwa chumvi baada ya zoezi.

Tumeanza taswira, yaani kukimbia kichwani. Nilimpa kila mmoja saa ya kupimia mkononi: fumba macho, bonyeza, kimbia mzunguko mmoja wa 400 kwa kasi yako ya mbio, ukimaliza bonyeza. Mizunguko inayowachukua sekunde 90 kwa miguu waliimaliza kwa 50 au 55. Nikawaomba wasimulie walichokiona. Waliona mstari wa kuanzia, waliona kona ya kwanza, kisha wakaona wanamaliza. Katikati hata kichwani haikuwapo! Huo ni ushahidi mkubwa kuliko wowote nilioupata tangu Septemba.

Sasa wanafanya taswira ya mita za kati peke yake, tena wamesimama, mara tu baada ya marudio magumu, moyo ukiwa bado unadunda. Hatuifanyi kwa kulala mkekani. Wanatakiwa wahisi majani chini ya viatu, koo lililokauka, bega la mwenzao upande wa kulia, na muda wa kichwani ulingane na muda wa miguuni. Wanaofika 85 hadi 90 sasa ni wengi. Yule binti wa Magomeni alifika 91 wiki iliyopita, akafungua macho, akasema amechoka.

Kila mmoja amechagua pia neno la kujisemesha. Masharti ni mawili: liwe fupi, na liamrishe kiungo cha mwili kufanya jambo. "Shusha bega." "Mkono nyuma." "Piga mdundo." Tumekataa "nitashinda" kwa kuwa mguu hauelewi cha kufanya nalo. Hapo pia kuna kazi ya Bangor: mwaka 2014 Anthony Blanchfield, Marcora na wenzao walikuta kwamba watu waliofundishwa kujisemesha kwa wiki mbili waliendesha baiskeli kwa muda mrefu zaidi kabla ya kushindwa, ongezeko la asilimia 18, na kazi waliiona nyepesi zaidi. Walichokisema hawakukibuni siku ya jaribio, walikifanyia mazoezi. Nimewasomea vijana sehemu hiyo.

Kijana wa Kaole anataka kuongoza tangu mwanzo, kwa sababu ya Filbert Bayi. Namwelewa. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch Bayi alitangulia tangu mwanzo wa mita 1500, akawaacha watu mbali, akamaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker aliyemfukuza hadi mwisho alipata 3:32.5, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Bayi ana shule yake Kibaha, mkoani kwetu, na sisi sote tumekua tukisikia habari hiyo. Nilichomwonyesha kijana ni kwamba anayetangulia ndiye anayebaki peke yake katikati kuliko wote. Hana bega la kufuata. Kama anataka mbio za namna hiyo ataongoza mazoezini kwenye marudio ya tatu na ya nne, wenzake nyuma yake, hadi nimwone ametulia huko mbele.

Februari

Binti mmoja, si yule wa Magomeni, mapigo yake ya asubuhi yalipanda na hayakushuka kwa wiki kadhaa. Hamu alikuwa nayo, pumzi hana. Hilo si la kichwa. Alipelekwa zahanati, akapimwa, damu ndogo. Anatumia dawa za kuongeza damu, anakula dagaa na matembele na chungwa pembeni, na chai ameisogeza mbali na chakula kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Muuguzi amekubali kuja kuzungumza na mabinti wote kuhusu hedhi, damu na minyoo, mimi nisiwepo. Mtu akiwa na damu ndogo, kumwambia aweke moyo ni kumwonea.

Machi, kumi la kati la Ramadhani

Wengi wamefunga. Mazoezi yamepungua na nimeyapanga upya. Zoezi lenye kasi, fupi, linaanza kama dakika 40 kabla ya magharibi, ili anayemaliza asikie adhana akiwa na tende na maji mkononi. Nilifikiria pia kuwa na kipindi baada ya tarawehe, lakini mama zao walisema usiku hapana kwa mabinti, na nimekubaliana nao. Basi hata wavulana hatukuwawekea, kundi libaki moja. Wasiofunga wanafuata ratiba ileile na wanakunywa maji kando.

Kila siku jioni namuuliza kila mmoja saa gani ya saumu ni ngumu. Hawaitaji ile ya mwisho, futari inanukia. Wanaitaja alasiri. Kijana wa Dunda alisema, "Mwalimu, saumu nayo ina mita 700." Tangu siku hiyo wanasalimiana hivyo wakikutana mtaani saa tisa.

Aprili, mwanzoni

Tuliwapa siku kadhaa za kula na kulala baada ya Idd, kisha tukapima mita 1500 kwenye uwanja uleule kabla masika haijaulainisha. Hapakuwa na chapuo. Babu alikaa kivulini, mikono mapajani.

Binti wa Magomeni: 64, 90, 92, 87. Jumla dakika 5 na sekunde 33. Ameanza taratibu zaidi, ametulia zaidi, na mzunguko uliokuwa 99 umekuwa 92. Muda wote alioupata, sekunde saba, ni sawasawa na alichokiokota katikati. Nilipomuuliza alikuwa wapi kwenye mzunguko wa pili alinitajia hatua kwa hatua: kona ya mwembe bega lilipanda akalishusha, mbele ya goli namba ilikuwa 17, kisha akasikia mapigo yake yamepoa akayarudisha.

Wengi wamesogea, kila mtu kwa kiasi chake. Mmoja hakumaliza, alikuwa ametoka kuugua malaria na sikupenda akimbie, lakini alisimama mstarini na wenzake na mwalimu wa michezo akamruhusu mizunguko miwili. Yule wa damu ndogo anarudi polepole, hatujampima.

Kijana wa Kaole ndiye anayenishughulisha. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Katikati yake imeshuka kutoka 80 hadi 76, mdundo haukupotea hata kona moja. Mzunguko wa mwisho umepanda kutoka 74 hadi 78. Jumla ni ileile ya Septemba. Wenzake walimpa pole, mimi nilimpa mkono, maana sasa yupo mbio nzima na tatizo lake limekuwa la kawaida: anatumia 17 mapema mno akiwa mbele peke yake. Kifua kinahitaji kazi zaidi, na anahitaji kuijua tofauti ya 15 na 16 akiwa hana mtu wa kumtazama.

Mchujo wa wilaya uko mbele yetu na mvua imeanza. Uwanja ukijaa maji tutaruka kamba ndani ya ukumbi wa shule kwa chapuo, vipindi vya dakika tano, na babu ataingia na kutoka kama kawaida yake. Kwa kijana wa Kaole nimepanga mita 600 mara tatu akiongoza: 200 za kwanza kwa 14, 200 za kati kwa 16, 200 za mwisho kwa chochote kilichobaki, na namba zote azitaje kwa sauti. Anaanza Jumanne, uwanja ukikauka.